Kengele ya Choo

Mama Overloki alikuwa na kisukari, na kibofu cha mwenye kisukari hakingoji ruhusa. Miaka nenda rudi alikaa kwenye mashine yake ya overloki akifunga kingo za mashati, na alipobanwa aliinuka, akaenda chooni, akarudi kazini. Kisha msimamizi wa kiwanda akapelekwa semina.

Alirudi kifua mbele na kengele ya shaba mkononi. Huko alisimuliwa habari za mbwa aliyezoeshwa kula kengele ikilia, hadi akawa anadondokwa mate kwa mlio mtupu. Mtu mwingine angemwonea huruma mbwa. Yeye aliwakumbuka mafundi wake.

"Kuanzia leo, chooni ni kwa kengele," alitangaza. "Atakayejikaza hadi ilie, nampa peremende. Mwili unafundishika, jamani!"

"Peremende kwa mgonjwa wa sukari?" Mama Overloki aliuliza. "Mwanangu, wataka kunizika?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Msimamizi akavimba. "Mgonjwa, mzima, wote sawa. Utazoea."

Siku hiyohiyo Mama Overloki alilowa kitini. Jirani yake wa mashine ya vifungo alimfunga kitambaa kiunoni.

Basi wakazoea. Kengele ikilia tu, wote mbio. Hata msimamizi: kila akishaipiga, naye alijikuta chooni.

Mwenye kiwanda akaja kujionea. Akiridhika, utaratibu ungebaki hivyo moja kwa moja, na Mama Overloki alijua kiti chake kingemwaibisha tena. Mzee yule alitaka kuhutubia, lakini mashine zilimzidi sauti. Akaikamata kengele, akaitikisa.

"Ndugu wafanyakazi..."

Mama Overloki hakuwa amebanwa hata chembe. Aliinuka wa kwanza. Nyuma yake viti vikakwaruza sakafu, ukumbi mzima ukamiminika mlangoni. Msimamizi alibaki amebana mapaja, jasho likimtoka. "Samahani, mzee," akanong'ona, naye akachomoka.

Waliporudi, mwenye kiwanda alikuwa amefura kwa hasira. "Nani kawafundisha upuuzi huu?"

"Semina, mzee," alijibu Mama Overloki. "Sisi wanafunzi tu."

Mzee aliondoka na ile kengele garini mwake.

Kesho yake, kazi ikiwa imepamba moto, Mama Overloki alizima mashine akainuka.

"Unakwenda wapi?" msimamizi aliropoka.

"Kukojoa, mwanangu."

Wala hakuharakisha mwendo.