Mbu Hamwulizi Mtu Kabila

Mwanangu, siku ile ya palizi ya ufuta siisahau, maana ndiyo niliyotiwa adabu nikiwa najiona mjuzi. Nilikuwa binti tu, mgawa dawa za matende na mabusha hapa Ruponda. Nilipita nyumba kwa nyumba na fimbo ya kupimia urefu: mtu anasimama, namhesabia vidonge, anameza nikimwangalia. Na kujisifu, we! Nikarudi kwa shangazi yangu Somoe nikamwambia nimemaliza kijiji kizima.

Alikuwa uani, anaosha mguu wake wa tende kwa sabuni na kukausha katikati ya vidole, polepole, kama kila siku.

"Na wale wa ng'ombe kule bondeni?"

"Aa, shangazi! Wale wakuja. Leo wapo, kesho wamehama. Na juzi tu ng'ombe wao wameula ufuta wetu."

Hakunipigia kelele. Bora angenipigia. Aliuinua mguu ule kwa mikono miwili, akauweka mbele yangu.

"Mbu akinyonya damu huko bondeni akaja kwangu, anauliza kabila? Binti yangu alipotoka unyagoni wenzangu walicheza, mimi nilikaa mkekani napiga makofi. Mdharau mwiba mguu huota tende, Hadija. Mimi wangu ninao. Unamtafutia nani mwingine?"

Niliona aibu, mwanangu, machozi yakanitoka. Nikachukua fimbo na kopo la vidonge, nikaenda. Kule alinipokea mama mmoja wa Kisukuma, akanipa maziwa ya mgando kabla hata sijasema shida yangu. Na sisi wakulima tulikuwa tukiwaita wakorofi! Akaniambia, "Mwaka jana tuliwaona mkipita barabarani. Tukasema, labda dawa hizo ni za wenyeji." Nilikosa pa kuficha uso. Wakapanga mstari, yeye mbele, wakameza.

Shangazi ameshatangulia mbele ya haki. Lakini majuzi wataalamu walikuja shuleni kuwatoboa vidole watoto wa darasa la kwanza wapime damu, wa wakulima na wa wafugaji pamoja, wasikute hata kwa mmoja dalili ya minyoo ya matende, ile anayoibeba mbu. Nikalia tena, safari hii kwa furaha. Wenzetu wa Malawi wameshaushinda ugonjwa huu. Basi anayekwambia matende ni uchawi au urithi, mwache na maneno yake. Utaondoka duniani, mimi sina shaka hata chembe. Wa kuchelewesha kuondoka kwake ni sisi tu, tukichagua nani apewe dawa.

Kwa hiyo wewe unayeishika fimbo sasa, usianze kwa jamaa zako ukafika kwa wengine umechoka. Anza kwa yule mliyegombana naye. Akikataa, keti naye mzungumze, na kesho urudi.

Nenda, mwanangu. Mungu akujaalie uzeeke mpaka mjukuu wako akuulize matende ni kitu gani, nawe utafute dunia nzima mtu wa kumwonyesha, umkose.