Shubiri Moja ya Wekundu

Jana mjukuu wangu Rukia alichemsha ukindu wa kusukia na rangi nyekundu hapa uani kwetu Tibirinzi. Ule mvuke wenye harufu ya majani mabichi uliponifikia, nikakiweka chini kikombe changu cha chai. Wenzangu, mawazo yalinirudisha Vitongoji, nyumbani kwa shangazi yangu Bi Time, nina miaka kumi na mitatu.

Mwaka ule niliwekwa ndani, kama walivyowekwa wari wote, wasichana waliovunja ungo. Nikatolewa chuoni kwa Maalim Faki sijaimaliza juzuu yangu, na kisimani nikakatazwa. Dirisha lilikuwa juu, si la kuchungulia. Nikiwasikia tu wenzangu ambao zamu yao haijafika, Saumu, Mkasi, Bikombo na Raya, wakipita na ndoo zao, wanacheka, na mie sijui wanachekea nini. Hilo liliniuma kuliko mlango uliofungwa.

Kazi yangu ilikuwa kusuka ukili, ule utepe mrefu ambao baadaye hushonwa ukawa msala wa kusalia. Maalim Faki mwenyewe aliagiza msala, mweupe mtupu. Nikasuka weupe siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne nikatia ukindu mwekundu, ukaenda upande, ukarudi, kama njia ya kisimani. Haukuwa ukaidi. Mkono ulitaka kwenda mahali.

Bi Time aliuona. Hakupaza sauti.

"Msala si kanga, mwari wangu. Mtu anasujudu, hatazami madoido yako. Fumua. Nikiuona tena wekundu huu, ukili nakuondoa mkononi, ukae utazame ukuta."

Ukuta nilikwisha kuutazama, nyufa zake nilizipa majina. Nikafumua huku nalia. Ilipobaki shubiri moja, mkono ukagoma. Nikaendeleza weupe hapo hapo, nikauzinga ukili wote ukawa bunda, wekundu ukafichika katikati. Bi Time akaushona msala chumbani kwake, akaupeleka kwa Maalim. Nikajiona hodari, nimemhadaa.

Uhodari haukufika adhana ya Alasiri. Je, kama sala ya Maalim haipokelewi kwa sababu yangu? Kutoka nikamwambie, siwezi. Nikimwambia shangazi, ukili ataniondoa mkononi. Maalim alipougua homa nilijua ni mie niliyemtia maradhi. Nikazidi kusuka. Alipona, wala hakujua nilivyoteseka.

Nyumba ile niliitoka siku ya harusi, nikaingia nyingine.

Miaka ikapita, Bi Time akafariki, na Maalim naye. Raya, aliyeolewa na mtoto wa Maalim, akaniletea msala ule nimshonee ukingo uliofumuka. Nikautandaza. Wekundu wangu ulikuwa upande wa kichwani, katikati kabisa, pale paji la uso linapotua, umepauka kwa sijida za Maalim.

Siku hizo nilikuwa nimeshashona misala mingi. Mshonaji ukili wote humpitia vidoleni, shubiri kwa shubiri, na yeye ndiye anayeamua kila kipande kikae wapi. Bi Time aliwekwa ndani ya chumba kile kile kabla yangu. Mlango aliufunga yeye, na hakunifungulia hata siku moja. Lakini ile shubiri aliiona, akaichagulia mahali.

Raya akauliza kama nitakitoa kipande kilichopauka. Nikamshonea ukingo tu.