Nakala Isiyo na Mkono

Enzi za ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara na watu binafsi walipoanza kuagiza pikapu zilizotumika, niliajiriwa Dodoma mjini kuendesha pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa alizeti. Nilimwita tajiri, kama madereva wote wanavyomwita mwenye gari.

Siku ya kwanza alinishika bega. "Gari litalala kwako Ihumwa. Jumapili mpelekee mama yako maji Mlali. Wewe ni mwanangu."

Mkono ule begani haukunituliza. Dereva aliyenitangulia naye aliitwa mwanangu. Alikamatwa na gari hilohilo Jumapili moja, kwao Hombolo, na tajiri akasema hajui lilifikaje huko.

Mama yangu alikuwa na mguu mbovu, hakuweza kubeba ndoo. Nisipokwenda, angekaa akiomba maji kwa majirani. Nikienda bila karatasi, siku moja ningeitwa mwizi. Lakini mimi ni mtu wa haya, na shule niliishia darasa la saba. Maneno ya tajiri niliyaandika kwenye daftari, mistari minne. Ilinichukua jioni mbili.

"Shikamoo, tajiri. Naomba tuyaweke haya kwa maandishi."

"Marahaba." Alisoma, akacheka, akampa karani wake. "Dada, mchapie bwana wakili, asije akanishtaki!"

Karani akapachika karatasi mbili kwenye mashine ya taipu, kaboni katikati, akachapa. Niliposhika karatasi nilifuata kila neno kwa kidole. Yote yalikuwemo. Nikaanza kujuta kumdhania vibaya mtu mzima. Karani akaondoa kaboni, tajiri akatia sahihi karatasi ya juu na kuifungia kwenye mtoto wa meza. Ya chini nikapewa mimi.

"Haya, wakili. Kazini."

Nilikuwa mlangoni nilipoisoma tena. Chini palikuwa peupe.

"Tajiri, hii yangu haina mkono wako."

"Si maneno yaleyale?"

"Ndiyo, tajiri."

"Sasa?"

Sikutoka; nilimnyooshea karatasi. Karani aliacha kuchapa, akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye. Mwishowe tajiri alininyang'anya karatasi, akatia sahihi bila kukaa.

"Na muhuri," nikasema. Sauti yangu mwenyewe ilinishtua.

Hakucheka tena. Karani akaupulizia muhuri uliokauka wino, akaugonga mara mbili.

Jumapili nilimshushia mama mapipa mawili. Hakuyagusa.

"Gari la nani?"

"La tajiri."

"Anajua liko hapa?"

Nikamtolea karatasi. Hajui kusoma. Alipitisha kidole juu ya muhuri, akautazama kwa karibu, akanirudishia.

"Unaiweka wapi?"

"Garini, mama."

"Polisi wakilichukua gari, je?"

Nikaitia mfukoni, nikafunga kifungo. Ndipo akachota maji.