Alama za Mama Tano

Wodini tunamwita Mama Tano, na si kwamba ana watoto watano. Ndiye muuguzi mkuu wetu, na kila mwaka tathmini ya kazi ikifika, humpa kila muuguzi alama tano, yaani bora kabisa: mchapakazi tano, mvivu tano, hata yule binti anayetafuta mshipa kama mtu anayepapasa ufunguo gizani. Ukimuuliza, anavua miwani na kujikanda shingo.

"Nimechoka, jamani. Nikimpa mtu tatu, ananinunia mwaka mzima, na kazi yake naifanya mimi. Acha wafurahi."

Juzi mama yake mzazi alilazwa kwetu, kaishiwa maji mwilini. Aliyekuja na trei ya sindano ni binti yule yule. Mama Tano akainuka na miguu yake iliyovimba, akamzuia.

"Huyu niachie mimi, mwanangu."

Binti wa watu akashangaa, tena bila kejeli yoyote. "Kwani nimekosa nini, mama? Si ulinipa tano?"

Mama Tano akaichukua ile trei. Akamwekea mama yake dripu mwenyewe, sindano ikaingia mara moja.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa amelala bibi mmoja ambaye hatujaona ndugu yake hata mmoja. Mkono wake ulikuwa umevilia damu kwa sindano alizochomwa na binti huyo asubuhi. Aliona yote. Akauinua ule mkono taratibu, akamwonyesha Mama Tano.

"Na sisi tusio na watoto humu ndani, mwanangu?"