Bunduki ya Uzi wa Nyavu

Mume wangu Rafaeli ana ugonjwa mmoja: akikasirika, anasema asante. Mteja akirudisha kochi alilolikalia mwezi mzima, eti limebonyea, Rafaeli anasema asante. Dereva akiturushia maji ya dimbwi, asante. Mimi Wegesa nimekulia kwenye boma la ng'ombe, na kwetu mtu akikukanyaga humshukuru kwa kukukumbusha kuwa una mguu. Nimeishi na huyu mwanamume nikiamini nilipewa mpole ili niadhibiwe.

Tunafanya biashara ya vyombo vya ndani vilivyotumika, hapa Bunda. Watu wanahama, wanaoa, wanajenga, na sisi tunabeba vya zamani. Ndiyo maana mwezi wa saba tulikwenda Musoma kwa mzee Wanzagi, mzee wa kanisa alilokulia Rafaeli. Alikuwa amemaliza nyumba mpya na alitaka kuliondoa kabati lake la sebuleni, lile kubwa la mbao la kuwekea TV na glasi za wageni.

Nilikuwa nachomoa droo ili kabati liwe jepesi. Droo ya chini ilikwama. Nikaivuta kwa hasira, ikatoka yote na kumwaga sakafuni nyaya, kaseti ya njano na gemu la TV la zamani lenye bunduki ya plastiki. Mpini wa bunduki ulikuwa umezungushiwa uzi wa nyavu, ukabana, na fundo moja chini.

Rafaeli akachuchumaa. Hakuigusa bunduki, aliliangalia lile fundo tu.

Nilijua anachokiangalia, maana habari ya bunduki hiyo nimeisikia kuliko ya safina ya Nuhu. Baba yake alikuwa mvuvi. Bunduki ilipopasuka mpini, aliufunga kwa uzi wa nyavu akiwa ameshaanza kuumwa, na hakushona tena wavu wowote mpaka alipofariki. Baada ya msiba, Rafaeli akiwa na miaka tisa, akawa anashinda kwenye gemu hilo na kuota usiku akipiga kelele, "Piga! Piga!" Mzee Wanzagi akamwambia mama yake kwamba mle ndani mna pepo. Ukaja mkutano wa injili uwanjani. Watu wakaleta hirizi zao, mama Rafaeli akaleta gemu ndani ya beseni. TV hakuileta. TV haikuwa na pepo, kwa sababu kwaya zilikuwa zinatokea humo. Mzee Wanzagi akalipokea beseni, akatia vitu kwenye gunia, na mama akamfinya mtoto sikio mbele ya watu wote: "Sema asante kwa mzee." Mtoto akasema. Kisha gunia likaenda motoni.

Kila mwaka tangu hapo mama mkwe wangu anasimama kanisani kutoa ushuhuda wa moto ule. Jinsi moshi ulivyogeuka kijani, jinsi alivyolisikia pepo likilia. Binti yetu Eunice akishika simu acheze gemu, bibi yake anamkumbusha gunia.

Na gemu lililoungua ndilo hili, zima kabisa, kwenye droo ya aliyelichoma.

"Mzee," nikasema, "hii kitu ni ya nani?"

Mzee Wanzagi alikuwa kitini anakunywa chai. Akanyoosha shingo. "Aa, hiyo? Watoto wangu walikuwaga wanachezea zamani hizo. Walipendaga kweli. Chukueni tu, nawapa bure."

Bure! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikamgeukia mume wangu nikasema moyoni, leo, leo ndiyo siku yenyewe.

"Asante, mzee," akasema Rafaeli.

Nilitamani kumpiga na droo. Njia nzima ya kurudi Bunda sikunyamaza. Nilimwambia mtu amekuibia ukiwa yatima, akakaa na mali yako miaka yote hiyo, leo anakuzawadia kilicho chako, na wewe unamshukuru, je, angekurudishia na lile beseni la mama yako ungempigia magoti? Alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja, mwingine ameuweka juu ya bunduki.

"Nataka kucheza," ndilo jibu pekee nililopata.

Nyumbani akaliunganisha. Picha ikaja, ndege wakaruka kutoka majanini, lakini bunduki haikumwangusha hata mmoja. Akasema bunduki za aina ile zinafanya kazi kwenye TV ya kichogo tu, haya ma-TV bapa hayaelewani nazo. Sisi wauza vitu chakavu hatukuwa na hata moja, maana hakuna anayezinunua tena.

"Kwa mama ipo," akasema. Halafu, akichomoa nyaya: "Nataka aione. Aache kusema baba aliacha pepo ndani ya nyumba."

Hapo nikamwelewa, na nikafurahi. Mama akijua alivyodanganywa hadharani, atawaka moto, na tutakuwa watatu wa kwenda kumwondolea mzee Wanzagi utamu wa chai yake.

Jumamosi tukaenda Murangi. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anakaanga sato. Rafaeli alimsalimia, akaingia ndani moja kwa moja, akaondoa kile kitambaa cha kufuma juu ya TV, akachomeka nyaya.

Ndege wa kwanza akaanguka. Wa pili akaanguka. Mume wangu alicheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia, chembamba, na alisimama kama mtoto, mguu mmoja mbele, ulimi umetoka pembeni. Nikasahau kukasirika. Kisha akakosa, na gemu likatoa mlio wake wa kumcheka aliyekosa.

Mama akatokea mlangoni, mikono ina unga. Hatukuwa tumemwambia neno.

"Kumbe bado inalia," akasema. "Wanzagi amewapa mwenyewe, ama mmeikuta kwenye droo?"

Rafaeli akashusha bunduki.

"Mama," nikasema mimi, "habari ya droo nani amekuambia?"

Mama akakaa kwenye mkono wa kochi. "Niliionaga wiki ile ile ya moto. Nilienda kuwafulia mapazia, nikakuta watoto wake wanaitoa kwenye droo wanacheza."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini, mama Eunice? Baba zake wadogo walikuwa wanataka hili shamba. Nani alikuja kunisemea kwenye kikao cha ukoo? Si Wanzagi? Nimwite mwizi leo, kesho nalala wapi na mtoto?"

"Hiyo nimeelewa, mama," Rafaeli akasema. Sauti ilikuwa ngeni kwangu. "Ila ushuhuda. Baba alifunga hii kwa mikono yake anaumwa. Wewe kila mwaka unasimama unawaambia watu ni ya shetani. Shamba si ulishapata zamani?"

Mama alijifuta unga kwenye kanga, polepole. "Watu walishazoea. Nikiacha, wataniuliza."

Hasira niliyombebea Wanzagi ilibaki mikononi mwangu, haina wa kumpa. La shamba nalielewa, mimi pia ni mwanamke na najua vikao vya ukoo. La ushuhuda sikulielewa siku ile na silielewi leo. Mtoto alifinywa sikio ashukuru, na aliyemfinya alijua wiki ile ile kwamba hapakuwa na cha kushukuru.

Rafaeli akachomoa nyaya, akazikunja moja moja. Mama alimwangalia, akasema haraka haraka, "Beba na TV basi. Nakupa. Bila hiyo utacheza na nini?"

Rafaeli akaikumbatia ile TV, kichogo kimemwelemea kifuani, akaitoa nje na kuilaza nyuma ya kirikuu chetu. Akaweka bunduki kwenye kiti cha mbele. Mama alitufuata mpaka mlangoni akasimama. Alikuwa anasubiri, na mimi nilijua anasubiri nini. Neno lile nililolitukana miaka yote ya ndoa yangu likanijia mimi mdomoni, nimsaidie mama wa watu. Nikalimeza.

"Rafaeli," mama akaita. "Hujasema kitu."

Rafaeli akawasha gari.