Mbwa wetu wa Mlola alivyopewa zamu ya maji kule Mnazi

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine wote mambo vipi.

Nina kisa changu mwenyewe leo. Hii si chai, hata jiko sijawasha. Kama kuna mtu wa Mnazi humu, asome taratibu, huenda akamkumbuka mbwa mwenyewe.

Kilichonisukuma kuandika ni jua hili la Januari. Jana nimepita mtaa mmoja hapa Dar, nikakuta mbwa kafungwa mnyororo kwenye banda la bati mchana kweupe, bakuli la maji kavu. Nikagonga geti, nikamsema mwenye nyumba mpaka akanitolea kiti nikae. Nilipotulia nikamkumbuka Mitumba, nikaanza kucheka peke yangu kama chizi.

Haya, twende.

Ni miaka ile soko huria lilipoanza. Nguo za mtumba kila gulio, sabuni za kila rangi madukani, na wanunuzi wa nyanya wanakuja na malori yao mpaka shambani, wanagombania mzigo. Mjomba wangu, mdogo wake mama, akaona kabichi za kwetu Mlola, juu mlimani, zinamchelewesha kutajirika. Akakodi shamba Mnazi, chini kabisa ya mlima, alime nyanya za kiangazi. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na sina mishe, nikachukuliwa nikapike na kumwagilia.

Wa tatu kwenye msafara alikuwa mbwa.

Mama yake alikuwa mbwa wa mzungu mmoja wa mradi wa misitu, baba hatumjui. Alizaliwa na manyoya marefu kama kondoo. Mweusi hapa, mweupe pale, kahawia kule, na mkia wa rangi ambayo haina jina. Ungedhani kila kipande kimetoka robota lake, ndiyo maana tukamwita Mitumba.

Kwa baridi ya Mlola alikuwa mfalme. Julai sisi tumejifunika mablanketi, yeye kalala nje kwenye ukungu anakoroma.

Tukashuka kwa miguu. Kila tulivyozidi kushuka, joto liliongezeka na ulimi wa Mitumba ulirefuka. Kufika Mnazi, mbwa akatutazama kwa jicho la kuuliza, hivi nyie mko serious?

Kazi yake ilikuwa moja tu: nyani.

Nyani wa kule wana akili, wakuu. Wanakuja saa sita mchana, muda ambao binadamu wote wako kivulini. Na nyanya hawali wakashiba wakaondoka. Anang'ata moja, anatupa, anachuma nyingine. Mjomba alikuwa ameuza hadi ng'ombe wake kwa ajili ya lile shamba. Bila mbwa tulikuwa tunarudi Mlola mikono mitupu.

Sasa Mitumba asubuhi yuko fiti, jioni yuko fiti. Saa sita mchana kalala kama gunia.

Mpaka alipougundua mfereji.

Hapa naomba mnielewe. Kwetu mlimani kila bonde lina kijito. Mbwa akinywa, akioga, hakuna anayegeuka kumtazama. Mnazi ilikuwa tofauti. Maji ni mfereji mmoja unaotoka mlimani, unagawanywa kwa zamu, shamba kwa shamba. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na hayo hayo maji wanakunywa na kutawadhia. Sisi Walutheri wa mlimani jambo hilo halikutupitia kichwani hata kidogo.

Basi siku moja Mama Zaina, jirani yetu wa shamba la juu, kaenda na ndoo kuchota. Akamkuta Mitumba kajilaza katikati ya mfereji, maji yanampita mgongoni, macho kayafumba, raha mustarehe.

Ule ukelele nadhani hadi Mlola waliusikia.

Jioni ikaja taarifa kutoka kwa Mzee Shechambo, msimamizi wa mfereji. Mbwa afungwe, kesho tukutane kwenye banio, pale maji yanapogawanywa. Kila mtu alijua kinachofuata. Ama arudishwe mlimani na nyani watumalize, ama amalizwe yeye. Mjomba hakugusa ugali wake. Mimi nilimkumbatia yule mbwa nikalia, sioni aibu kusema.

Kesho yake watu wakajaa, kamati ya mfereji mbele, Mitumba kafungwa kamba pembeni. Mzee Shechambo kavaa kanzu nyeupe pee. Mama Zaina akasimama, wala hakupayuka.

"Mimi na mbwa wenu hatuna ugomvi," akasema. "Lakini maji haya ndiyo natawadhia. Nyie mngekuwa mimi mngefanyaje?"

Mjomba akavua kofia. Mama wa watu alikuwa na haki.

Na watu walivyojazana pale kumjadili mbwa, mashambani nani kabaki? Hakuna. Saa sita imefika.

Nyani wakashuka kama wamepigiwa simu. Na shamba waliloanza nalo ni la Mama Zaina, hatua chache kutoka pale kwenye banio.

"Nyani! Nyanya zangu! Mfungueni mbwa! Jamani mfungueni huyo mbwa!"

Ndiyo, ni yeye huyo huyo Mama Zaina. Mimi nilishaikata kamba kabla hajamaliza.

Mitumba alitoka pale kama risasi. Sijawahi kuona mbwa akikimbia vile kwenye jua lile. Nyani waliruka huku nyanya ziko mikononi, watu wanashangilia kama uwanjani, mjomba anarusha kofia juu.

Halafu mbwa akaanguka.

Katikati ya shamba, kwenye udongo wa moto. Ulimi umebadilika rangi, anahema hadi mwili mzima unatikisika, macho hayaoni. Furaha yote ikanitoka. Nikajua tumempoteza.

Tukamburuta mimi na mjomba hadi kwenye kivuli cha migomba. Nageuka, namwona Mama Zaina anakuja mbio na ndoo yake kichwani.

"Pisha!" akaniambia. Akasimama mbali kidogo, akamwagia maji polepole tumboni na kwenye miguu. Ndoo ikaisha, akaenda kuchota nyingine. Mzee Shechambo naye akawa anapepea kwa jani la mgomba.

Siku hizi nasoma mtandaoni kwamba ndivyo inavyotakiwa: kivuli, maji tumboni na miguuni, upepo, na usimlazimishe kunywa. Sisi tulibahatisha tu.

Tulimwagia na kumpepea muda mrefu. Mwisho jicho moja likafunguka. Mkia ukagonga chini. Mitumba akainuka, akayumba, akasimama.

Halafu akajikung'uta.

Wakuu, yale manyoya yalikuwa yamebeba ndoo nzima! Wanakamati walitawanyika kuliko hata nyani. Watu wazima wanaruka matuta, Mzee Shechambo kashika kanzu magotini anakata mbuga, Mama Zaina kakaa chini anacheka hadi machozi. Nami nikacheka na kulia kwa wakati mmoja.

Mzee Shechambo alisimama mbali kabisa, akajikagua kanzu, akapaza sauti:

"Huyu apewe zamu yake!"

Tukadhani ni utani. Hapana. Akapanga pale pale: mashamba yote yakishanywa, maji ya mwisho yageuzwe kwenye shimo ndani ya shamba letu, chini ya watu wote, mahali ambapo hakuna achotaye. Mbwa akionekana juu ya hapo, tusilaumiane.

Na mjadala ukaishia hapo, kila mtu kakubali. Kumbukeni mjomba alikuwa mpangaji, hana zamu rasmi, anaomba ya majirani. Mbwa wake akamtangulia kupata!

Tukachimba shimo, tukaliezekea majani ya mgomba juu. Alfajiri na jioni Mitumba anakimbia mpaka basi. Mchana yuko kwenye swimming pool yake, kichwa tu kiko nje, nyani wakitokea anachomoka mara moja kisha anarudi majini. Mjomba alitaka kumnyoa upara, nikakataa, jua lingemchoma ngozi. Tulimpunguza tu tumboni kwa mkasi.

Zamu ya Mama Zaina ikiisha, unamsikia anaita, "Mitumbaa, maji hayoo!" Mbwa anakimbilia shimoni hata kabla maji hayajafika.

Nyanya zile tuliuza zote. Masika yalipoanza tukapanda zetu Mlola.

Somo langu ni fupi. Mbwa wako mpe maji, kivuli na mazoezi ya saa za ubaridi. Na kabla hujamwachia ajipoze, waulize majirani maji yao wanayatumiaje.

Kiangazi kilichofuata mjomba aliugua mgongo, tukachelewa kushuka. Nikiwa gulioni Mlola, akanifuata mtu na salamu za Mzee Shechambo. Nikajiandaa kupokea pole za mgonjwa.

"Mzee anasema kama nyie mna shughuli, msijisumbue. Mleteni mbwa tu, zamu yake imefika."

Haya, uwanja ni wenu. Joto hili mbwa wenu mnawafanyaje? Na mwenye picha ya mbwa anayeoga asiwe mchoyo, aiweke hapa tucheke wote.