Mchawi wa Bamba la Shaba

Kwa wiki tano Nyaboke alisimama kwa saa nane kila siku mbele ya bikizee aliye uchi. Alikuwa mlinzi wa jumba dogo la sanaa chini ya mnara mmoja wa West Bay, Doha, na ukumbi aliopangiwa ulijaa picha za wachawi zilizochapwa Ujerumani miaka mia tano iliyopita. Bikizee yule alipanda mbuzi kinyumenyume, nywele timtim, matiti yamelala tumboni kama soksi tupu. Nyuma yake wenzake wawili walichochea chungu, na ndani ya chungu ulichomoza mguu wa mtoto.

Mtembeza wageni hakuwahi kubadilisha maneno. "Msanii alichonga bamba la shaba, akalipaka wino, akaligandamiza kwenye karatasi. Bamba moja, nakala mamia. Watu ambao hawajawahi kumwona mchawi wakajua sasa anafanana vipi. Wakarudi vijijini kumtafuta."

Nyaboke hakuhitaji kuambiwa. Kwao Kisii, akiwa na miaka kumi na mitano, watu walimjia nyanya yake mchana kweupe na mapanga na nyasi kavu, wakimwita mchawi. Nyanya akajifungia ndani. Jirani akamsukuma Nyaboke mlangoni: "Ita wewe. Sauti yako ataifungulia." Akaita. "Nyanya, ni mimi." Komeo likalia. Wakamvuta mzee kwa nywele, wakamkata visigino asikimbie, wakamtupa ndani tena na kuwasha paa. Hata alipokuwa akiburutwa, nyanya alikuwa akimtafuta mjukuu kwa macho, akihofu naye wasije wakamuumiza.

Hayo hakumwambia mtu Doha. Ila siku moja, wageni wakiwa wachache, alimpiga bikizee picha kwa simu na kuituma kwenye grupu la nyumba yao ya Al Mansoura, nyumba ya Wakenya kumi na mmoja. "Oneni bosi wangu mpya," akaandika. Kicheko mara nyingine ni namna ya kuziba shimo.

Ronny, dereva, akajibu: "Si huyu ni Anti Velma akitoka kuoga?"

Nyumba nzima ikacheka. Velma, mama wa miaka hamsini na mitano kutoka Kakamega, alisafisha maofisi, hakuchana nywele, na kila jioni alichemsha mizizi ya dawa ya mgongo iliyonuka hadi ngazini. Mzaha ukapita. Picha ikabaki kwenye simu zao.

Kisha Chelsea, mchumba wa Ronny, akaanza kuzirai. Alhamisi alizirai jikoni katika hoteli alikofanya kazi, na mafuta ya moto yakammwagikia usoni.

Ijumaa mchana Nyaboke alirudi kutoka kazini akakuta ukumbi wa nyumba umejaa. Velma alikuwa amejifungia chumbani. Ronny alishika bomba la chuma, na Shiru, mwenzao wa nyumba, akashika birika linalotokota.

"Toka, mchawi! Umekula uso wa Chelsea!"

"Cheki nywele," Shiru alisema, simu ya Ronny ikiwaka mbele yake na bikizee wa West Bay. "Cheki chungu. Ni yeye kabisa!"

Ronny akageuka. "Afadhali umekuja. Huyu mathe anakuskia wewe. Gonga, mwambie ni wewe."

"Akifungua?"

"Tutaongea tu."

Kutoka ndani sauti ikatetemeka: "Nyaboke? Ni wewe, mwanangu?" Komeo likaanza kusogea.

"Usifungue!" Nyaboke alipiga kelele, akaubana mlango kwa mgongo. "Anti, piga simu polisi! Usifungue hata nikikuita! Hata nikilia!"

"Ah, kumbe! Nyinyi Wakisii na wachawi mnajuana!" Ronny alisema, na bomba likashuka. Mfupa wa bega ukavunjika kwa mlio mkavu kama kuni. Maji ya birika yakafuata, yakamchuna mkono kuanzia kiwiko.

"Picha niliituma mimi, Ronny. Mimi. Velma hajafanya..."

Pigo la pili lilimpata mdomoni. Aliteleza hadi sakafuni, lakini akakaza kisigino kwenye zulia na mgongo kwenye mlango. Wakamvuta mguu, akashika fremu kwa mkono uliobaki. Wakampiga vidole vya mkono huo, kimoja kimoja.

"Nyaboke?" Velma alikuwa akilia upande wa pili. "Polisi nimewapigia. Wamekuua? Niambie kitu, mwanangu, nifungue nikusaidie."

Meno mawili yalikuwa sakafuni, lakini ulimi ulikuwa mzima. Angeweza kujibu, na komeo lingefunguka. Alifumba mdomo uliojaa damu, akameza, akanyamaza kimya, huku buti za polisi zikisikika chini kabisa, zikianza kupanda ngazi.